Kwa nini tukienda kuwinda kundi zima hatupati kitu, wakienda wawili wanarudi na mnyama?

#1 Nyayo Mbichi
Habari wakuu. Nina swali linanisumbua kila msimu ukifunguliwa. Sisi tunawinda kifamilia, yaani kaka zangu, mashemeji, marafiki wa siku nyingi, na sasa watoto wakubwa wameanza kufuatana nasi. Pori ni lilelile tunalijua tangu tuko wadogo, leseni tunazo, bunduki hazina shida na mmoja wetu ni mlenga shabaha hasa. Lakini tukienda wote sita au saba tunaona mikia tu inapotelea vichakani. Halafu kaka yangu mkubwa anachukua mtu mmoja, wanaingia njia ileile, jua halijapanda wameshapiga simu tukawasaidie kubeba. Hii siyo bahati maana inajirudia. Shemeji anasema ni harufu, kaka anasema ni kelele, baba mkwe anashikilia kwamba wanyama wanahesabu watu. Nyinyi mnaonaje? Na mliowahi kuwinda nje ya nchi, huko wanaendaje kundi kubwa na bado wanapata?

#2 Kimya Kingi
Kaka yako yuko sahihi, ni kelele, na hasa sauti ya mtu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti kutoka eneo la Kruger kule Afrika Kusini. Walificha spika na kamera kwenye mabwawa wanyama wanapokunywa, mnyama akija anapigiwa sauti: mara simba, mara mbwa wanabweka, mara mlio wa bunduki, mara watu wanaongea tu kawaida bila kupayuka. Wakisikia watu, uwezekano wa kukimbia ulikuwa mara mbili ya wakisikia simba au bunduki, na waliyaacha maji haraka zaidi kwa asilimia 40. Twiga, pundamilia, chui, mpaka tembo na kifaru. Simba mwenyewe hawamwogopi kama wanavyotuogopa sisi tukipiga stori!

Sasa nyie saba hata mkinong'ona, mmoja anakohoa, mwingine anauliza saa ngapi, mwingine simu inatetemeka mfukoni. Wawili waliozoeana wanaweza kukaa asubuhi nzima bila neno.

#3 Upepo wa Nyuma
Kelele inachangia ila mchawi hapo ni upepo. Wawili wanaofuatana mmoja nyuma ya mwingine harufu yao inakwenda mkondo mmoja mwembamba, mnyama aliye pembeni haimfikii. Saba mkitawanyika mmeziba bonde zima.

Halafu kuna kitu makundi hayakiangalii kabisa, saa. Alfajiri hewa ya baridi inateremka kuelekea bondeni, jua likishaanza kupasha mteremko hewa inageuka inapanda, na katikati hapo kuna kipindi upepo unazunguka tu huku na huku hauna adabu. Kundi kubwa huwa linachelewa kutoka, lazima kuna mtu kasahau buti, kwa hiyo mnaingia pori saa ileile upepo unageuka. Kaka yako na mwenzake walishakaa mahali pao gizani upepo ukiwa bado unashuka. Bebeni majivu kwenye soksi kuukuu, unaitikisa kidogo unaangalia vumbi linaelekea wapi, na siyo mara moja ukishuka kwenye gari ukamaliza, unatikisa kila mnapobadilisha uelekeo, kila mkivuka korongo, kila mkitoka kichakani kuingia uwazi.

#4 Kiti cha Mbele
Watu saba? Mkuu hiyo ni harusi imepotea njia hahaha. Naweka kiti, wajuzi endeleeni.

#5 Mguu wa Paa
Wote #2 na #3 mmesema kweli lakini mmeruka mwendo. Mnyama anajua mwendo wa wanyama wenzake, hatua mbili tatu, kimya, anachuma jani, hatua moja, kimya kirefu. Binadamu anatembea hatua sawasawa bila kukata mpaka anakokwenda, na hakuna kingine porini kinachotembea hivyo. Wawili wanaweza kukubaliana kusimama. Saba hawawezi, wa mbele akisimama wa nyuma bado anakanyaga, kwa hiyo mlio haukatiki hata sekunde.

Niliwahi kulala kifudifudi pembeni ya uwazi na binamu yangu, mbele yetu jike la swala anakula, mgongo katupa sisi. Wenzetu walikuwa mbali nyuma ya kilima, hatuwasikii kabisa. Ghafla yule jike akaacha kutafuna, jani bado linaning'inia mdomoni, sikio moja likageukia nyuma lingine likabaki mbele. Akainua mguu wa mbele akaukanyaga chini mara moja kwa nguvu. Akasubiri. Akakanyaga tena. Wala hakukimbia, aliondoka anatembea na wale wadogo wakamfuata, na ilipita muda mrefu kabisa ndipo sisi tukasikia kijiti cha kwanza kinavunjika kule kilimani. Alishawasoma.

Na mkuu punguzeni hayo makoti ya rangi ya chungwa, watu saba ni taa saba zinawaka kichakani.

#6 Darubini Safi
#5 hapo kwenye koti nakurekebisha, tena kwa msisitizo maana linahusu maisha ya watu. Swala, ayala (wale wa Ulaya na Marekani wenye pembe za matawi), nguruwe pori, hawa wote macho yao yana aina mbili tu za chembe za kupokea rangi, sisi tuna tatu. Chungwa na nyekundu kwao hazina tofauti kubwa na majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia kule Marekani ni kati ya waliolipima hili kwa ayala wa mkia mweupe miaka ya 1990. Wanachokiona vizuri kuliko sisi ni bluu na ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho yetu, kwa hiyo jinzi ya bluu ni mbaya zaidi kuliko koti la chungwa, na nguo iliyofuliwa kwa sabuni ya kung'arisha nayo ni mbaya. Ndege ndiyo wanaona rangi zote, bata au kanga huyo humdanganyi.

Koti halivaliwi kwa ajili ya mnyama, linavaliwa ili shemeji yako asikupige risasi. Kundi la saba bila koti mimi siingii nalo porini hata kwa kubembelezwa.

#7 Mguu wa Paa
Darubini nimekuelewa kwenye rangi. Lakini bado nasema mtu akitikisika akiwa na koti la rangi moja pana bila kuvunjwavunjwa anaonekana umbo zima la binadamu, rangi yoyote ile.

#8 Darubini Safi
Hapo sawa, kutikisika ndiko kunakouza. Yale makoti ya chungwa yenye mabaka meusi yapo, ila angalieni sheria ya mnapowinda, sehemu nyingine wanataka rangi tupu isiyo na mabaka.

#9 Nyayo Mbichi
Asanteni sana, nasoma kila mmoja. Makoti tunavaa na hilo halina mjadala kwetu. #3 umenigusa, ni kweli kundi huwa linatoka jua limeshachomoza. Niongeze kitu ambacho sikusema, tunatembea kwa mstari mpana, kando kwa kando, kila mtu anamwona wa kushoto na wa kulia, ili tusipigane risasi na ili tufunike eneo kubwa. Bunduki zote ziko kwenye mstari huohuo.

#10 Msukumaji
Ahaa! Mkuu umejijibu. Nyie mnafanya kazi ya wasukumaji halafu hakuna aliyekaa mbele kupokea. Mstari mpana ni kwa ajili ya kusukuma wanyama wafike kwa watu waliokaa kimya upande wa pili. Mnawasukuma vizuri sana, shida ni kwamba mnawasukumia hewani.

Ujerumani, Poland, Ufaransa, uwindaji wa nguruwe pori wa makundi ndivyo ulivyo. Wengine wamekaa kwenye vituo, wengine na mbwa wanapita taratibu ndani ya msitu, na kila aliye kituoni ameonyeshwa kabla pembe yake ya kupiga inaanzia mti upi inaishia jiwe lipi, nje ya hapo hata apite nguruwe mwenye ukubwa wa ng'ombe hapigi. Hakuna kuondoka kituoni mpaka ishara ya kumaliza ilie, hata kama umeangusha. Na hii siyo akili ya Ulaya peke yake, Wambuti wa msitu wa Ituri kule Kongo wanawinda kwa nyavu kifamilia, wanaume wanasimama kwenye nyavu, wanawake na watoto wanaingia msituni kwa kelele kusukuma wanyama. Kelele kwao ni chombo cha kazi. Kwa hiyo siyo kwamba kundi ni baya, ni njia ndiyo hailingani na idadi.

#11 Kimya Kingi
Sasa hapo unanipinga au unaniunga mkono? Maana wanyama wanakimbia sauti ya watu, ndicho nilichosema.

#12 Msukumaji
Nakuunga mkono nusu mkuu. Wanaikimbia, ndiyo, ila wakisukumwa polepole hawakimbii ovyo, wanafuata njia zao za siku zote wakijiamini. Ukiwatia hofu kubwa wanapita kasi hakuna anayepiga salama. Wasukumaji wazuri wanaongea kwa sauti ya kawaida, wanagonga miti kidogo, basi.

#13 Tumbili Mweupe
Nichangie cha pembeni. Sokwe wa Gombe wanapowinda mbega wekundu, kadiri madume wawindaji wanavyokuwa wengi ndivyo wanavyofanikiwa zaidi. Watafiti wamelifuatilia hilo miaka mingi. Wengine wanapanda, wengine wanakuwa chini au upande mwingine wa mti. Kwa hiyo #10 ana hoja, wengi wanafaa ila mawindo yawe na mahali pa kuishia.

#14 Kiti cha Mbele
Mleta mada kaomba ushauri wa familia yake, umemletea sokwe hahaha. Haya tuendelee.

#15 Babu wa Korongo
Vijana salama? Mimi nimewinda tangu bunduki inajazwa kwa mdomo. Yote mnayosema yapo lakini mmesahau kwamba mnyama anajifunza. Pori linalopitiwa na kundi kubwa mwanzo wa msimu, wanyama wake wanahamia upande mgumu, kwenye miiba na miamba, na wanaanza kula usiku. Kundi la familia linakuja siku ya kwanza ya msimu au siku za mapumziko, siku ambazo kila mwenye bunduki yuko porini. Wale wawili wanakwenda siku ya kazi, pori limetulia. Mnalinganisha watu saba na watu wawili, linganisheni na siku pia.

#16 Upepo wa Nyuma
Shikamoo mzee. Hiyo ya siku sikuwa nimeiweka kwenye hesabu na ina mantiki kabisa. Ila mleta mada amesema kaka yake anapita njia ileile.

#17 Babu wa Korongo
Marahaba. Njia ileile ndiyo, lakini kaka mtu anajua wale waliosukumwa juzi wamelala wapi. Mlimfukuzia nyie.

#18 Mama wa Pori
Wakuu hamjambo. Naona wanaume watupu humu, mimi nawinda na mume wangu na binti yetu wa miaka 13, yeye habebi bunduki bado, anabeba darubini. Na niwaambie ukweli, huyu mtoto anaona kuliko sisi wote. Sisi tunatafuta mnyama mzima, yeye anatafuta kipande, mstari wa mgongo uliolala wakati miti yote imesimama, au pua inayong'aa unyevu. Watoto siyo mzigo kwenye safari hizi, mzigo ni watu wazima wanaowapeleka mbio na kuwanyamazisha kwa ukali mpaka mtoto anachukia pori.

Na kuhusu sauti, kule Amboseli mwaka 2014 watafiti waliwapigia tembo sauti zilizorekodiwa za watu wa makabila mawili. Tembo walijikusanya na kurudi nyuma zaidi waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao ndio wamekuwa wakigombana nao kwa mikuki, kuliko waliposikia wanaume wa Kikamba, na sauti za wanawake na watoto wa kiume wa Kimaasai hazikuwatisha kiasi hicho. Kwa hiyo mleta mada, huenda wanaotisha siyo watoto wenu, ni nyie wenye ndevu.

#19 Mguu wa Paa
Dada hoja nzuri ila tembo siyo swala, tembo ana kumbukumbu ya ajabu. Swala sidhani kama anachambua nani mwanaume nani mtoto.

#20 Mama wa Pori
Sijasema anachambua kama tembo. Nasema tusikimbilie kuwalaumu watoto na kina mama kila kundi likitoka kapa.

#21 Mshika Kompasi
Niingie kwenye lile swali la nje ya nchi. Nimewahi kualikwa kaskazini mwa Ulaya kwenye uwindaji wa vuli wa wale ayala wakubwa kuliko wote duniani. Kundi lilikuwa la ukoo mzima, babu mpaka wajukuu, na kilichonishangaza ni jinsi walivyokaa. Mtu anapewa kituo chake, anakaa kwenye kigoda saa nyingi mpaka vidole havina hisia, mbwa mmoja na mtu mmoja tu ndio wanaotembea. Wengi walikuwepo lakini waliotembea ni wachache. Uswidi wana sharti kwamba ukiwinda wanyama wakubwa hao lazima kuwe na mbwa aliyefunzwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa, anayeweza kufika ndani ya saa mbili. Norwei kila mwaka kabla ya msimu unapita mtihani wa shabaha ndiyo uruhusiwe mnyama mkubwa. Ujerumani mtihani wa leseni wenyewe ni mzito, magonjwa ya wanyama, sheria, silaha, mbwa, nyama, watu wanasoma miezi.

Ufaransa wana jambo ambalo ningependa liigwe, kijana wa kuanzia miaka 15 anawinda akisindikizwa na mtu mzima na wote wawili wana bunduki moja tu kati yao. Mtoto akiwa anashika, mkubwa hana la kufanya ila kumwangalia mtoto.

#22 Nyayo Mbichi
Bunduki moja watu wawili! Hii naipeleka kwenye kikao cha familia leo hii. Wangu wana miaka 12 na 15.

#23 Mtafuta Damu
Wakuu kuna upande hamjaugusa, kundi linavyoharibu hata baada ya kupiga. Mnyama aliyepigwa moyo sawasawa bado anaweza kukimbia sekunde 10 mpaka 15 kwa damu iliyobaki kichwani, na kwa mbio zake hizo ni zaidi ya mita mia. Kundi linaona kakimbia, linapiga kelele umekosa umekosa, watu saba wanaingia kumtafuta kila mtu na njia yake, wanakanyaga damu yote. Wawili hawafanyi hivyo. Mmoja anabaki amesimama pale mpigaji aliposimama akiwa ameukazia macho mti wa mwisho alipoonekana, mwingine anakwenda polepole pembeni ya alama, siyo juu yake, anafunga kitambaa kila akiona tone.

Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, utamkuta karibu. Damu nyeusi nzito ni ini, mpe muda. Ukiona majimaji ya kijani na harufu ya tumbo, kaa chini kabisa, subiri saa kadhaa, maana ukimsukuma atakwenda mpaka mtampoteza na atakufa kwa mateso bure. Mimi naamini sehemu ya hiyo "hatupati" ya makundi ni wanyama waliopigwa wakapotezwa na wenyewe hawajui. Hili linaniuma kuliko kurudi mikono mitupu.

#24 Nyayo Mbichi
Mtafuta Damu, sisi kwa kweli hata kupiga huwa hatufiki. Ila nimekuelewa, na hilo la mmoja kubaki alipo nitalisimamia.

#25 Mwezi Mpevu
Hamjataja mwezi. Mwezi ukiwa mpevu wanyama wanakula usiku kucha, asubuhi wamelala. Angalieni kalenda ya hayo makundi yenu.

#26 Darubini Safi
Mkuu ayala waliofungwa kola za redio wamefuatiliwa sana Marekani kwa swali hilohilo, na kwa sehemu kubwa mwezi hauonekani kubadilisha mengi, wanatembea zaidi alfajiri na jioni mwezi uwe mzima au usiwepo.

#27 Mwezi Mpevu
Ayala wa Marekani hawajafika pori ninalowinda mimi. Nimekaa kwenye maficho mwezi mpevu na mwezi mwembamba, tofauti naiona.

#28 Safari Ndefu
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mimi na rafiki zangu wawili tunataka kumpeleka mzee wetu kuwinda nje kama zawadi ya kustaafu. Nimesikia Kenya na Botswana wamefunga, je ni kweli? Na bunduki mnasafirishaje?

#29 Mshika Kompasi
Kenya ndiyo, walifunga uwindaji mwaka 1977 mpaka leo. Botswana walifunga 2014 wakafungua tena 2019. Tanzania nao waliwahi kufunga 1973 wakafungua 1978. Kwa mzee anayetaka kutembea milimani kwa uhuru fikirieni Nyuzilandi, kule ayala wote waliletwa na walowezi, mamalia wa nchi kavu wa asili ni popo tu, kwa hiyo kwenye sehemu kubwa ya ardhi ya hifadhi ya umma ayala anawindwa mwaka mzima na kibali kinatolewa bure, ila mgeni lazima aombe leseni ya silaha ya mgeni mapema.

Bunduki kwenye ndege inakwenda kwenye sanduku gumu lenye kufuli, haina risasi ndani, unaitangaza kaunta. Risasi kikomo cha kawaida ni kilo 5 kwa abiria na hamruhusiwi kuunganisha za watu wawili kwenye pakiti moja, na kampuni nyingine za ndege hazikubali kabisa, ulizeni kabla ya kulipa. Afrika Kusini kuna fomu ya polisi namba 520, jazeni ila msisaini mpaka muwe mbele ya afisa.

#30 Msukumaji
Ongeza viunganishi vya ndege. Mnaweza kuwa halali mnakotoka na mnakokwenda, halafu nchi ya katikati mnayobadilishia ndege ikawa na kibali chake. Nimeona familia imekwama hapo, mzee amekaa kwenye benchi na sanduku lake, safari ikaanza vibaya. Kuazima bunduki kule mnakofikia kunapunguza maumivu mengi.

Na kama mzee anataka kurudi na ngozi au pembe, angalieni CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulianza kutumika 1975. Chui kwa mfano yuko Kiambatisho cha 1, orodha ya wanaolindwa zaidi, unahitaji kibali cha kutoa na kibali cha kuingiza, vyote viwili.

#31 Safari Ndefu
Asante sana kaka, nyama je tunaweza kurudi nayo?

#32 Msukumaji
Mara nyingi hapana, nchi nyingi zinazuia nyama mbichi ya pori mpakani kwa sababu ya magonjwa. Kuleni hukohuko. Nguruwe pori na dubu iveni mpaka ndani kabisa ifike nyuzi 71, kuna minyoo ya trikinela, na kugandisha kwenye friji siyo dawa, aina nyingine za minyoo hiyo zinavumilia baridi.

#33 Mtafuta Damu
Na angalieni risasi za plumbi (ile metali laini, kwa Kiingereza lead) kama watoto watakula. Risasi laini ya plumbi ikipiga mfupa inatawanya chembechembe mbali na tundu, huzioni wala huzihisi mdomoni. Denmaki wamezipiga marufuku hata za bunduki kubwa tangu 2024, California tangu 2019. Za shaba zipo, ila zijaribuni kwenye shabaha kwanza maana bunduki nyingine inazipeleka pengine.

#34 Nyayo Mbichi
Wakuu nimerudi kutoka kikaoni. Tumekubaliana kujaribu njia ya #10, watatu wakae vituoni kabla ya alfajiri upepo ukiwa wa kushuka, waliobaki wapite taratibu bila bunduki. Kaka hakubaliani, anasema bado wasukumaji wanne ni wengi mno kwa bonde letu. Shemeji ameshapata soksi ya majivu. Baba mkwe yeye amesema tufanye tutakavyo lakini wanyama wanahesabu.

#35 Tumbili Mweupe
Msimcheke baba mkwe. Serengeti mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa simba jike, walipigiwa ngurumo ya jike mgeni mmoja, halafu siku nyingine ngurumo za wageni watatu kwa pamoja. Akiwa mmoja walimfuata mara nyingi zaidi, wakiwa watatu walisita, na walilinganisha na idadi yao wenyewe. Kama mwindaji mwenye meno anahesabu sauti, kwa nini anayewindwa asihesabu?

#36 Kimya Kingi
Anahesabu sauti, yaani kelele. Nilisema tangu #2.

#37 Upepo wa Nyuma
Na zile sauti zilibebwa na nini? Upepo.

#38 Babu wa Korongo
Mleta mada, wanne si wengi kama bonde ni pana, ila usiwaweke wote kuanzia chini. Wawili waanze pembeni nyuma kidogo, kwa sababu mnyama mzee huwa haendi mbele, anajibana anasubiri mstari upite halafu anarudi nyuma yenu. Weka mtu mmoja wa kituoni nyuma, tena yule mwenye subira kuliko wote. Na wasukumaji wasiwe na bunduki kabisa, hapo umeamua vizuri.

#39 Nyayo Mbichi
Nashukuru mzee, huyo wa nyuma atakuwa baba mkwe. Swali langu jingine, wale watoto masikio yao nafanyaje? Wa miaka 12 anashtuka sana bunduki ikilia.

#40 Mama wa Pori
Usimpeleke bila kinga hata siku moja. Bunduki kubwa mlio wake unapita desibeli 150, na sikio linaanza kuumia papo hapo kwenye kama 140, likishaumia halirudi. Mwekee vizibo vya ndani kwanza halafu vya kufunika juu yake. Vile vya kielektroniki ni bora zaidi kwake kwa sababu vinakata mlio mkubwa lakini anaendelea kukusikia ukimwambia asimame. Chukua saizi ya mtoto, za watu wazima zinaacha mwanya karibu na taya, na akivaa kofia hakikisha ukingo wake haupiti chini ya kinga.